Miaka Isiyohesabiwa: Tange, Vyeo na Walimu wa Vyuo vya Udaktari vya Umma

Mhadhara uliotolewa Namasakata, mkoani Ruvuma

Ndugu zangu, tumekutana huku Namasakata, mbali na kumbi za mjini ambako mambo ya vyeo huzungumzwa na wale wale wanaohusika nayo. Najua wapo wanaojiuliza ugomvi wa vyeo kati ya walimu wa udaktari unawahusu vipi wakulima wa korosho. Unawahusu moja kwa moja. Tabibu anayempokea mtoto wenu zahanati usiku wa manane, mkunga, daktari wa hospitali ya wilaya Tunduru, bingwa mnayepewa rufaa kwenda kumwona hospitali ya mkoa, HOMSO, pale Songea: kila mmoja wao alisimama siku moja kando ya kitanda cha mgonjwa, na mtu mzima akamshika mkono akamwonyesha wapi pa kubonyeza tumbo na wapi pa kusikiliza pumzi. Mtu huyo mzima ni mtumishi wa umma. Ana daraja, ana ngazi ya mshahara, ana jalada masjala. Jalada hilo likisahaulika miaka sita, na kijana aliyemfundisha mwenyewe akawa mkuu wake wa idara, mwalimu yule atahama aende kwenye mradi wa wafadhili, au atabaki lakini hataingia tena wodini na wanafunzi kwa moyo ule wa zamani. Hasara yake mtaipata ninyi, miaka kumi baadaye, wala hamtajua ilikotoka.

Nimefundisha chuo cha afya cha Serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nimewahi kuomba cheo, na baadaye nikakaa kwenye kamati iliyojadili vyeo vya wenzangu. Nimestaafu nikiamini kwamba wengi wa wanaogombana hawasukumwi na tamaa. Wanagombania miaka. Wanataka miaka waliyoifanyia kazi ihesabiwe, na utaratibu wetu una njia nyingi za kuipoteza.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko vyuo vyetu wenyewe. Mafunzo ya udaktari yalianza Mulago, Makerere, mwaka 1924, na vijana wachache wa Tanganyika walikwenda kusoma huko. Waliporudi hawakuitwa madaktari kamili. Waliandikwa madaktari wasaidizi Waafrika, na Mzungu aliyeshuka melini jana alikuwa mkubwa wao, hata kama wao walikuwa wamekaa wodini miaka kumi. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, ilipendekeza Mwafrika alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Tume ya Lidbury ndiyo iliyokuja kuliondoa hilo mwaka 1954. Mmoja wa madaktari wale, Vedasto Kyaruzi, alichaguliwa rais wa chama cha Tanganyika African Association (TAA) mwaka 1950, na haikuchukua muda akahamishwa kutoka Dar es Salaam kupelekwa Kingolwira, kisha Nzega. Historia yetu ya siasa humtaja Kyaruzi kwa sababu ya TAA. Mimi namkumbuka pia kama mtu wa kizazi cha madaktari waliojua maana ya kuwa na ujuzi kamili na cheo nusu. Uchungu huo uliwafunza siasa mapema.

Tulipopata Uhuru tulijenga chuo chetu. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 kitivo kikaunganishwa na hospitali kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 Bunge likakifanya kitivo kuwa chuo kikuu kishiriki, mwaka 2000 hospitali na chuo vikatenganishwa kila kimoja kikawa na uongozi wake, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS tunachokijua leo. Nimewapitisha kwenye miaka hii kwa makusudi. Kila badiliko lilikuwa jema kwa taifa, lakini kila badiliko lilimaanisha mwalimu anaweza kuamka asubuhi ana mwajiri mwingine, muundo mwingine wa utumishi, na swali jipya: ile miaka ya nyuma inahesabiwa au haihesabiwi?

Katika utumishi wa umma kuna orodha inayoitwa tange. Ni majina ya watumishi wa kada moja yaliyopangwa kwa ukubwa wa kazini, kila jina na tarehe zake: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini baada ya muda wa majaribio, na ya kupata cheo cha sasa. Huku kwetu kila mzee anajua nani aliingia jando kabla ya nani. Aliyetangulia msimu mmoja ni mkubwa wako mpaka kaburini, hata ukimzidi mali na elimu, na hakuna kikao kinachoitishwa kulijadili. Chuoni mambo hayaendi hivyo, na sisemi yaende hivyo, maana anayefundisha kupasua watu lazima apimwe kwa anachokijua. Ila vipimo vimekuwa vingi, na kila kipimo kina tarehe yake.

Chukueni watu wawili niliowatunga, ingawa aliyefanya kazi chuoni atawatambua. Wa kwanza aliajiriwa na chuo mwaka 2008 akiwa Mkufunzi Msaidizi, ana shahada ya kwanza ya udaktari. Akafundisha, akasahihisha mitihani, akapelekwa kusomea ubingwa. Akiwa masomoni hakupimwa utendaji, na kwa kuwa hakupimwa hakupanda. Akarudi bingwa, akasubiri barua. Wa pili alikuwa hospitalini, akajisomesha ubingwa kwa fedha zake, akaajiriwa chuoni mwaka 2012, akaingia moja kwa moja na cheo cha Mhadhiri. Ukipanga tange kwa tarehe ya ajira, wa kwanza ni mkubwa. Ukiipanga kwa tarehe ya cheo, wa pili ndiye mkubwa. Sasa idara inahitaji mkuu. Kila mmoja ana hoja, na hakuna aliyedanganya. Nimewaona watu wa namna hii wakiacha kusalimiana kwa miaka, wanafunzi wakijua waende kwa nani siku gani ili wasionekane wamechagua upande.

Kuna kundi linaloniuma zaidi, nalo ndilo linalowafundisha watu watakaokuja kuwahudumia ninyi. Ni wakufunzi wa vyuo vya afya vya kati, vile vinavyotoa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara. Mtu ameanza kazi akiwa tabibu. Amekaa kituo cha afya cha mbali, ameona malaria ya kila sura, ameletwa chuoni kufundisha kwa sababu mikono yake inajua. Baadaye anakwenda kusoma shahada ya udaktari, miaka mitano darasani na mmoja wa mazoezi kazini. Anaporudi anabadilishiwa kada, na kwa kanuni anaanza daraja la mwanzo la kada mpya: Daktari Daraja la II, sawa na kijana aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Mshahara wake wa zamani ukiwa mkubwa kuliko wa daraja jipya, huachiwa kama mshahara binafsi, hivyo mfukoni haanguki. Lakini kwenye tange ameanguka. Ile miaka kumi na mitano ya utabibu haionekani popote. Nawaambia kwa dhati, sijawahi kuona darasa ambalo mwalimu wa aina hii ni mzigo. Ndiye anayejua kumfundisha mwanafunzi afanye nini pale ambapo hakuna kipimo, hakuna umeme, na gari la wagonjwa limekwenda Songea. Kumwandika mgeni wa kazi ni kusema uongo kwenye karatasi ya Serikali.

Ngazi ya vyuo vikuu tunaijua: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Ngazi ya hospitali ni nyingine kabisa: Daktari, kisha Daktari Bingwa na madaraja yake. Wodini watu wa ngazi hizi mbili wanasimama kando ya kitanda kimoja. Bingwa wa hospitali amekesha na wagonjwa wake usiku kucha. Asubuhi anakuja mhadhiri wa chuo na wanafunzi ishirini, anauliza maswali, anaondoka. Bingwa yule naye anafundisha, lakini kufundisha kwake hakumo kwenye muundo wake wa utumishi, kwa hiyo hakumpandishi popote. Akipewa uhadhiri wa heshima, heshima hiyo haina mshahara. Mhadhiri naye anatibu, na kutibu kwake hakuna uzito mkubwa anapoomba uprofesa. Hospitali ya Mloganzila ilianza mwaka 2017 chini ya MUHAS, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Sizungumzii uamuzi ule kama ulikuwa sahihi au la. Nauleta kwa sababu unaonyesha jinsi swali la nani anamwamuru nani wodini lilivyo gumu hata kwa walio juu kabisa.

Na kinachompandisha mhadhiri ni nini? Kwa sehemu kubwa ni machapisho. Anatakiwa awe ameandika makala katika majarida yanayotambuliwa, na kwa vyeo vya juu makala hizo hupelekwa kwa watathmini wa nje, maprofesa wa vyuo vingine, wasome na watoe maoni. Mtathmini mmoja asipojibu, jalada linakaa. Kuhusu makala zenyewe, utafiti wa tiba haufanywi na mtu mmoja. Makala moja inaweza kuwa na majina kumi na tano, na ugomvi wa nani atangulie na nani awe wa mwisho ni mkali kama ugomvi wa mpaka wa shamba. Anayepata makala nyingi ni yule aliye karibu na miradi mikubwa ya utafiti ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Anayefundisha upasuaji, anayeshinda chumba cha upasuaji toka asubuhi, makala anaandika saa ngapi? Anayefundisha anatomia kwa wanafunzi mia mbili wa mwaka wa kwanza, bila mradi wowote? Sidharau utafiti. Bila utafiti tungekuwa bado tunatoa klorokwini. Ninachokataa ni ngazi inayohesabu karatasi peke yake na kuacha kuhesabu asubuhi za wodini.

Wenzetu wa Kenya walikutana na sura nyingine ya jambo hili. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya huko ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha wahadhiri, ikaweka shahada ya uzamivu kuwa sharti la kuwa mhadhiri na kutoa miaka mitano ya kujiandaa. Kwa mwalimu wa historia au uchumi sharti hilo linaeleweka. Kwa daktari bingwa, ambaye baada ya shahada ya kwanza amekaa miaka kadhaa akisomea ubingwa, linazua swali ambalo limewagawa madaktari wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu: ubingwa ni sawa na uzamivu, au uko chini yake? Mwanabaiolojia mwenye uzamivu anayefundisha fiziolojia na daktari wa upasuaji mwenye ubingwa wapo kitivo kimoja. Yupi mkubwa? Maoni yangu ni kwamba swali limeulizwa vibaya. Kila mmoja amefika mwisho wa njia yake ya ujuzi, na chuo cha udaktari hakiwezi kusimama bila njia zote mbili. Ziwe njia mbili za kupanda zenye vyeo vinavyolingana, basi. India, ambayo ina vyuo vya udaktari vingi kuliko tunavyoweza kuota, imefanya jambo linalofanana na hili: kanuni zake za mwaka 2025 zimeruhusu daktari bingwa wa hospitali ya serikali yenye vitanda visivyopungua 220, mwenye uzoefu wa miaka kumi, astahili kuwa profesa mshiriki. Wapo waliopinga huko wakisema uprofesa umeshushwa thamani. Nawaelewa, lakini nikifikiria hospitali zetu za rufaa za mikoa, nikifikiria mabingwa wa Songea wanaowasimamia wanafunzi wa mazoezi bila cheo chochote cha ualimu, naona India wamegusa penyewe.

Nije sasa kwenye jeraha ambalo watumishi wa marika mengi bado wanalo. Katikati ya mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kufanya uhakiki wa watumishi. Sababu ilikuwepo. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Katika sekta ya afya, mtu mwenye cheti cha kughushi ni hatari kwa uhai, na sina neno la kumtetea. Lakini wakati uhakiki unaendelea, walimu waaminifu waliokuwa wametimiza miaka yao walikaa palepale. Wengine barua zilikuwa tayari zimetoka zikasitishwa. Mlango ulipofunguliwa tena, yule aliyepaswa kupanda mwaka 2016 alijikuta anapanda pamoja na aliyekuwa nyuma yake, siku moja, cheo kimoja, tarehe moja. Tange ikawaandika sawa. Mwalimu na aliyekuwa mwanafunzi wake wakawa rika.

Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandishwa kwa watumishi kati ya 85,000 na 91,000. Baadaye ukaja utaratibu wa mserereko, ambapo mtumishi aliyecheleweshwa husogezwa hadi pale ambapo angekuwa amefika laiti asingekwamishwa. Nausifu mserereko bila kusita. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kuona Serikali ikikubali kwamba miaka iliyopotea ina wenyewe. Upungufu wake ni kwamba unarekebisha daraja, haurudishi kila kitu kilichokwenda na daraja lile. Aliyestaafu katikati hakusererekeshwa kokote. Nafasi ya ukuu wa idara iliyogawiwa mwaka 2018 imekwisha kugawiwa. Na kwa mhadhiri wa chuo kikuu, mserereko hauandiki makala. Yeye bado anadaiwa machapisho.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wafike miaka 58. Sheria imeongeza umri wa kustaafu kwa lazima kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa kufika miaka 65, wakati watumishi wengine ni 60. Daktari bingwa anayefundisha analindwa na ubingwa wake. Lakini mwalimu wa bayokemia au wa afya ya jamii ambaye si bingwa wa tiba, akikwama kwenye cheo cha Mhadhiri, anatoka na miaka 60; mwenzake aliyepata uandamizi wiki moja kabla anaendelea miaka mitano zaidi. Mtathmini wa nje aliyechelewa kujibu ameamua, bila kujua, mtu aendelee kufundisha au aende nyumbani. Mkitaka kujua kwa nini watu wazima wenye elimu kubwa hulia machozi kwenye ofisi ya afisa utumishi, sababu mojawapo ni hii.

Anayeona ameonewa ana pa kwenda, lakini njia ni ndefu. Anaanza ndani ya chuo, anapanda hadi Baraza la Chuo, kisha kuna Tume ya Utumishi wa Umma, na juu yake Rais. Mwaka 2016 Bunge liliongeza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, kinachomtaka mtumishi amalize njia zote za sheria hiyo kabla ya kwenda kwenye vyombo vya usuluhishi wa kazi. Nakubaliana na nia yake, kwamba nyumba ijaribu kwanza kusuluhisha ya kwake. Ila anayesikiliza rufaa ngazi ya kwanza mara nyingi ni yule yule aliyekaa kwenye kikao kilichokunyima, na barua ya majibu huchelewa kukufikia. Wengi huchoka. Nimewahi kumsindikiza mwenzangu kwenye rufaa ya namna hiyo, na siku tuliyopata majibu mazuri alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Ninayoyataka si makubwa. Tange ya kila chuo ibandikwe ukutani kila mwaka, mahali ambapo kila mwalimu ataisoma, na apewe muda wa kupinga tarehe iliyokosewa kabla haijatumika. Leo walimu wengi hawajawahi kuiona tange yao hata mara moja; wanajua nafasi yao kwa uvumi. Cheo kihesabiwe tangu siku mtu alipotimiza vigezo, hata kama fedha zimechelewa, ili kuchelewa kwa bajeti kusibadilishe nani alimtangulia nani. Miaka ya utabibu na uuguzi ihesabiwe kwa mtu anayebaki kuwa mwalimu baada ya kubadilishiwa kada. Na saa za wodini, zile anazosimama na wanafunzi kando ya mgonjwa, ziandikwe, zisainiwe, ziwe na alama zake kwenye maombi ya cheo kama makala ilivyo na alama zake. Mtu ataniambia saa za wodini zinaweza kughushiwa. Makala nazo zinaghushiwa, na bado tunazihesabu, kwa sababu tumejenga njia ya kuzikagua. Mganga mfawidhi na wanafunzi wenyewe wanaweza kuthibitisha nani alikuwepo.

Mnisamehe nikimalizia na vijana, maana nawaona hapa mbele waliochukua mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na wapo watakaokuja kuwa walimu wa udaktari. Siku mtakayoajiriwa, toeni nakala ya barua ya ajira, mkaiweke nyumbani kwa wazazi. Mwaka wa majaribio ukiisha, daini barua ya kuthibitishwa kazini kwa maandishi, msikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba mambo ni sawa. Wapo niliowajua waliofika miaka ishirini kazini ndipo wakagundua hawakuwahi kuthibitishwa. Kila cheo kikija, linganisheni tarehe iliyo kwenye barua na tarehe iliyo kwenye mfumo wa mishahara, na zikitofautiana andikeni barua wiki hiyo hiyo, mkapate mhuri wa masjala kwenye nakala yenu. Na mkifika cheo cha kukaa kwenye kamati, siku jalada la mwenzenu litakapoletwa mezani, someni tarehe zake zote kabla hamjasoma jina.